Kitovu cha Kitunga cha Papa Lifoka

Mkitaka kujua kama kekele imekomaa, msiitazame juu. Huko juu kila mmea ni wa kijani na kila kitu kinadanganya. Pigeni magoti, tazameni pale inapotokea ardhini. Kama maganda yake ya miiba yameanza kuachia yenyewe, na ukikwaruza kwa ukucha unaona ngozi laini inayong'aa kama mgongo wa kambale, hiyo inafaa. Kama miiba bado imeshikilia, iacheni. Mkiikata changa itawatii leo, na baada ya siku chache itajikunja kama jani la tumbaku, kitunga kiende upande.

Ukishaikata, kazi ya pili ni kuivuta ishuke, maana hii tunayofumia viti na vitunga ni kamba inayopanda juu ya miti mirefu. Hapo ndipo siafu, vijiti vikavu na wakati mwingine nyoka hushuka pamoja nayo. Bwana wangu wa kazi, marehemu Papa Saidi, alikuwa na utaratibu wake: aliyesema sana njiani ndiye anayevuta kwanza. Mimi nilivuta kwanza kwa miaka mingi.

Nimeanza na kekele kwa sababu ndicho kitu ninachokijua mwanzo hadi mwisho. Ninyi vijana mnaokuja kuketi kwenye baraza yangu hapa Lubunga, Kisangani, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, na nimekubali, ingawa katika kazi yenyewe kuna jambo moja ambalo sikulijua na sasa sitalijua tena. Nitafika hapo. Msinikimbize.

Papa Saidi alikuwa jirani yetu, Mwislamu kama sisi, wa familia zile zilizofika huku na biashara enzi za mababu na kubaki na ufundi baada ya biashara kwisha. Alitengeneza viti na vitunga vya kekele vya kuuza mjini. Mafundi wa siku hizo walikuwa na desturi nzuri: mvua zikipungua, fundi huacha kazi yake na kwenda kuketi kwenye kazi ya mwingine. Hakwenda kununua wala kuuza. Aliketi, akafuma pamoja na wenyeji, akatazama mikono yao, akaonyesha ya kwake, akarudi. Mahali hapo tulipaita atelye, kwa Kifaransa, ingawa mara nyingi palikuwa ni paa la majani, magogo ya kukalia, na mbuzi ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Yangambi kulikuwa na atelye, Isangi pia, Yanonge, na njia yote ya kwenda Opala. Magoti ya Papa Saidi yalipochoka, alinituma mimi.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza utamu wa safari zile. Nilitoka Lubunga alfajiri juu ya baisikeli, kisu cha kupasulia kekele kiunoni, kwanga, mkate wetu wa muhogo, mfukoni. Njia ya Yanonge inapita msituni, mto ukiwa mkono wa kulia. Mara nyingi huuoni, lakini unaujua kwa ubaridi wake shavuni. Kwenye kila kijito vipepeo walikuwa wamejaa juu ya mchanga mbichi, wa manjano na wa buluu, na ukipita wanainuka wote pamoja wanakupiga usoni kama karatasi. Nilijifunza kupita nikiwa nimefumba mdomo. Nilioga katika kila maji meusi niliyoyakuta, yale ya rangi ya chai, baridi mpaka kwenye meno. Msimu wa matunda ya nsafu niliyachoma katika majivu ya mtu yeyote aliyekuwa na moto njiani, na jioni kasuku wa kijivu walipita juu wakirudi visiwani, wakigombana kama akina mama waliotoka sokoni na habari nyingi.

Na ngoma. Kabla sijafika mahali, Walokele wa mtoni walikuwa wameshapiga ngoma zao kusema kwamba ninakuja. Kila mtu ana jina lake la ngoma, refu kama sala. Siku moja niliuliza langu ni lipi. Walicheka kwanza, wakasita, kisha mmoja akanitafsiria: Yule anayekanyaga hewa kutwa nzima ili afike jioni. Walikuwa wameona ninavyokanyaga baisikeli.

Makosa nilifanya, bila shaka. Kekele ikishapasuliwa hulowekwa katika maji yanayotembea, kijitoni, juu yake jiwe. Mimi nilikuwa na haraka, nikailoweka katika pipa nyuma ya nyumba. Maji yaliyosimama huifanya inuke, na harufu haisikiki mpaka mtu mwenye joto la mwili aikalie. Tukamuuzia kiti bwana mmoja wa ofisi. Alikaa na kiti kile wiki nyingi akiwashuku wageni wake, na wageni wakimshuku yeye, mpaka mkewe alipokitoa nje na kukirudisha kwetu kichwani mwa mtumishi. Papa Saidi hakunipiga wala hakunigombeza. Alinikalisha juu ya kiti hicho kila siku ya kazi mpaka kikavunjika. Kwa hiyo mkiona namtuma mtu kijitoni wakati bomba liko hapa karibu, mjue sababu.

Sasa nifike kwa Papa Lifoka.

Baada ya Yanonge, njia ya Opala inauacha mto mkubwa na kuingia msituni kuelekea mto Lomami. Huko, katika kijiji ambacho sikitaji kwa kuwa hakipo tena, ndiko alikokuwa na atelye yake. Alikuwa mtu wa mtoni, Mkristo, aliyeuacha uvuvi wa baba zake na kuhamia msituni kwa ajili ya kekele. Mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo usingevitegemea. Alifuma vitunga vya mgongoni, vile wanavyobeba akina mama kwa mkanda wa kichwani, vyenye ndizi, muhogo, kuni na mtoto juu yake.

Mjue kwamba siri ya kitunga cha mzigo iko chini. Sisi wa mjini vitako vyetu vilikuwa vya msalaba: unapishanisha mbavu, zile fito za kusimamisha kitunga, unafunga katikati, basi. Mzigo ukizidi, msalaba unafunguka, na mama anaona ndizi zake zikiteremka kilima peke yao. Kitako cha Papa Lifoka hakikuwa hivyo. Mbavu zake ziliingiana katikati, kila moja ikijificha chini ya mwenzake, mpaka huoni ncha hata moja, na kadiri mzigo ulivyoongezeka ndivyo kilivyojikaza. Walikiita kitovu. Nilikigeuza, nikakitazama, nikakisugua kwa majani ya msasa ili nione vizuri, nikajaribu kukiiga mara nyingi. Nilipata kitu kilichofanana nacho kwa sura tu, kama mtoto anavyofanana na babu kwa kofia.

Kitovu alikifunga yeye peke yake, asubuhi na mapema, mgongo akiwa amewageuzia wengine. Akimaliza aliwagawia wanafunzi wake, mbavu zikiwa zimetawanyika kama miguu ya buibui, nao wakapandisha ubavu wa kitunga, wakafunga ukingo, wakatia mkanda. Hakuna aliyeona mwanzo. Nilidhani ni uchoyo, na kwa kuwa nilikuwa kijana nikamwambia. Hakukasirika. Alinijibu kwa Kiswahili chetu cha huku, polepole, akipasua kekele.

"Mama akianguka na muzigo, kitunga ikitoboka chini, atakuja kwa nani? Hatakuja kwa mwenye alifuma ubavu. Atakuja kwangu. Mwenye anafunga kitovu, ni yeye anajibu. Alors, unataka nipe kila mutu kitu ya kujibu?"

Ilikuwepo njia ya kurithisha. Waliita kupewa mkono. Mzee anaketi nyuma ya yule aliyemchagua, anaweka mikono yake juu ya mikono ya huyo, wanafunga kitovu kimoja pamoja. Baada ya hapo mzee hafungi tena maisha yake yote. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe, wanangu. Kumpa mtu mkono ilikuwa ni kuuacha wa kwako. Papa Lifoka alikuwa na nguvu zake bado, na alipenda asubuhi zake.

Aliyemtaka apewe mkono alikuwa mwanawe Josefu. Aliyeutaka mkono alikuwa binti yake Aluwa.

Aluwa alikuwa wa umri wangu. Ubavu alioupandisha yeye ulikaa sawa kama maji ndani ya sufuria. Alifuma akiwa anazungumza, anacheka, anamfukuza kuku, na vidole havikukosea. Baba yake alijua. Kila mtu alijua. Lakini mzee alisema binti ataolewa, na kitovu kitaondoka naye kwenda kwa watu wengine. Aluwa alimjibu mbele yangu kwamba miaka yote hii hakuna aliyekuja kumwoa, kwa maana wanaume wanaogopa mwanamke anayeweza kuwafunga wasipate pa kutokea. Mama yake, Mama Lifoka, alicheka mpaka akaacha kumenya muhogo. Mzee hakucheka. Alisema tumngoje Josefu.

Josefu alikuwa amesoma, na uhuru ulipokuja ulimkuta mjini. Mnaambiwa mengi juu ya siku zile. Mimi ninachokumbuka ni kwamba watu walidhani mambo mengi yatajifanya yenyewe. Mtu mmoja aliniletea kiti kilichovunjika mguu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama baada ya uhuru nitaendelea kulipisha. Wazungu wakaondoka, ofisi zikabaki na viti vitupu, na Josefu akapata kimojawapo. Papa Lifoka akanipa ujumbe: nenda umwambie Josefu arudi, apewe mkono.

Nilimkuta ameketi juu ya kiti cha kekele tulichokifuma sisi. Alisimama akanipisha nikikalie, akauliza hali ya mama yake, akaniagizia chai. Msimfikirie vibaya. Aliniambia nimweleze papa kwamba uhuru haukuja ili yeye arudi kukaa juu ya gogo, lakini atakwenda wakati wa Noeli. Niliufikisha ujumbe kama ulivyo. Noeli ikaja ikapita. Msimu uliofuata nikapeleka ujumbe tena, nikarudi na jibu tena, safari hii ilikuwa Pasaka. Aluwa alikuwa akinipokea baisikeli, anaiegemeza ukutani, anasema bila kunitazama, akiniita yaya, maana yake kaka: "Yaya Ramazani, kila ukikuja unaleta salamu ya Josefu. Josefu mwenyewe hapana kuingia ku baisikeli?"

Wakati huo njia zilianza kuharibika. Chumvi ikaadimika. Vizuizi vikawekwa barabarani, kwanza na watu tuliowajua, kisha na watu tusiowajua. Mabeseni ya bati yalikuwa yameingia, na akina mama wa mjini wakaacha vitunga. Papa Saidi alipungua siku hadi siku. Mimi niliendelea kwenda kwenye atelye zetu, nikizikuta zimepungua nazo: hapa fundi amehamia kwa nduguze, pale magogo yameshatiwa motoni. Msitu ulikuwa uleule. Vipepeo walikuwa walewale. Hilo lilinifariji wakati ule.

Safari yangu ya mwisho kabla ya vita nilimpelekea mzee habari kwamba ofisi imemhamisha Josefu mpaka Kindu, na hakuacha neno. Papa Lifoka alisikia, akaendelea kupasua kekele aliyokuwa nayo mpaka mwisho wake. Kisha akamwambia Aluwa, bila kuinua kichwa: "Tafuta kekele muzuri. Tia mu maji. Mwezi ikijaa, nitakupa mukono."

Aluwa aliinuka. Alichukua panga akaingia msituni, na jioni alirudi na mzigo ambao ungetosha kufuma kijiji kizima. Mama yake alimwambia mkono ni mmoja tu, si wa mwaka mzima. Kulikuwa na lituma siku hiyo, ndizi zilizopondwa na samaki wa kwenye majani, na mzee alikula vizuri. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha. Ilibidi kekele ilale kijitoni mpaka ngozi yake ilegee. Kitovu hakifungwi kwa kekele ngumu, kinakatika ndani pasipoonekana. Niliwaaga nikaondoka, kwa kuwa kupewa mkono ni jambo la nyumba.

Yaliyofuata nilielezwa na Aluwa baadaye. Papa Lifoka, kwa vile alijua hatafunga tena, alifunga vitovu siku zile kama mtu anayeaga. Alifunga asubuhi, akafunga mchana, akavirundika kijitoni chini ya mawe ili visikauke, vikingoja kupandishwa ubavu. Mwezi ulikuwa umebaki kidogo kujaa. Wakaja watu wenye bunduki kutafuta wapagazi. Walikuwa wa upande gani sitawaambia, kwa sababu Aluwa mwenyewe hakujua, na pande zote zilitaka wapagazi. Walimchukua mzee pamoja na wanaume wengine. Masanduku yao waliyatia ndani ya vitunga vyake. Aliondoka akiwa na mkanda kichwani, hakugeuka, kwa maana ukiwa na mzigo huwezi kugeuka. Hakurudi, na hakuna aliyejua alianguka wapi.

Mjini nako mmesikia yalivyokuwa. Papa Saidi alifariki kwa ugonjwa wa kawaida katikati ya milio ya risasi, na tulimzika haraka haraka. Kisha nami nikakimbia. Njia pekee ya msituni niliyoijua ilikuwa ile ya kwenda kwenye atelye, ndipo nikaifuata. Baisikeli ilichukuliwa kwenye kizuizi cha kwanza. Nilitembea. Ngoma zilikuwa kimya, maana mtu aliyejificha hapigi ngoma. Kwenye vijito vipepeo walikuwa bado wamejaa juu ya mchanga, wa manjano na wa buluu, wakainuka wakanipiga usoni, na niliwachukia. Ni vigumu kueleza. Nilitaka kitu kimoja msituni kioneshe kwamba kinajua.

Kijiji cha Papa Lifoka kilikuwa majivu. Nilikuwa nakunywa maji kwenye kijito mbele kidogo, nikaona vinyuzi vyeupe vikiteremka na maji. Nilikishika kimoja. Kilikuwa ni unyuzi wa kekele mbichi, uliokwanguliwa siku ileile, kwa kisu kinachokwenda kulia. Kisu cha mtu wa mkono wa kushoto huenda hivyo, na Aluwa alitumia mkono wa kushoto. Nikaufuata mkondo kwenda juu mpaka nikawakuta.

Walikuwa wanawake wachache na watoto wao chini ya majani, na Mama Lifoka ambaye miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kusimama. Aluwa alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini mikono ilikuwa ileile. Walipokimbia alikuwa amevitoa vitovu vya baba yake kijitoni akavibeba, akavilaza katika kijito kingine, kisha kingine, kila walipohama. Kila mama aliyehitaji kukimbia zaidi alimpandishia kitunga juu ya kitovu kimoja. Watoto, sufuria, mihogo, vyote viliondoka ndani ya vitunga hivyo, na hakuna hata kimoja kilichotoboka. Alisema hayo kwa fahari kidogo. Kisha akasema kimebaki kimoja.

Tulikitazama kikiwa chini ya maji, jiwe juu yake. Hapo ndipo nilipomweleza wazo langu, nawaeleza na ninyi mlielewe vizuri. Kitovu kilichofungwa kikakaa ndani ya maji bado ni laini. Kinaweza kufunguliwa. Mmoja anafungua polepole, ubavu baada ya ubavu, mwingine anatazama na kushika kila hatua kichwani. Kisha mnarudi nyuma, mnafunga, mnafungua, mnafunga, mpaka mikono ijue. Kitovu kilichokwisha kupandishwa ubavu, kikakauka, kikapata moshi, hakifunguki. Kwa hiyo kile kijitoni kilikuwa ndicho mwalimu pekee aliyebaki, na hakuna fundi mwingine katika Lomami yote aliyejua mwanzo ule. Aluwa aliogopa. Kazi ya mzee haifunguliwi, ilikuwa mwiko. Alikaa nalo siku nzima. Kesho yake asubuhi aliniita, akakitoa kijitoni mwenyewe, akakiweka mapajani, akaketi akiwa amewageuzia mgongo wenzake kama baba yake alivyokuwa akifanya. Mimi niliketi mbele yake. Kwa ukucha wa kidole gumba alianza kutafuta ncha ya kwanza, iliyokuwa imefichwa, na nikamwona akiipata, kwa sababu alitabasamu.

Hatukufika mbali zaidi ya hapo. Watu waliojificha upande wa chini wa kijito walitokea wakikimbia, wakapita katikati yetu, wakisema wenye bunduki wanafuata kijito. Wanawake wetu walisimama papo hapo. Vitunga vyao vilikuwa tayari mgongoni, watoto ndani. Mama Lifoka alikuwa amelala juu ya majani. Hakukuwa na kitunga cha kumbebea, wala machela, na kumbeba mikononi kupitia msitu ule tusingefika popote.

Aluwa alitazama kitovu mapajani. "Yaya, tutafungua hii ama tutabebea mama?"

Mama yake alikuwa amesikia. Alijiinua kwa kiwiko, akazungumza kama anayemgombeza mtoto. "Mie nimekwisha kuishi, Aluwa. Nimezaa, nimelea. Kitovu ya baba yako haijazaa mutu. Mufungue, muniache hapa."

"Mama, nyamaza," Aluwa alisema. "Vuta miguu, nipime."

Akashika mbavu akaanza kupandisha. Niliingiza mikono yangu upande wa pili. Sijawahi kufuma vile, wala sitafuma tena: ubavu wa wazi, wa haraka, bila ukingo, mkanda wa gome. Mama Lifoka alilia kidogo, kisha alipoona hatuachi akatuambia tuache mdomo mpana kwa kuwa yeye si samaki. Tukamketisha ndani. Aluwa alitia mkanda kichwani, nikamsaidia kuinuka, na nilipokuwa nikitembea nyuma yake niliona chini ya kitunga kitovu kikijikaza, mbavu zikijisogeza moja ndani ya nyingine, kama vile kuna mtu aliyekuwa bado anazivuta.

Tulipokezana. Tulimbeba mpaka mvua kubwa zikaanza, kutoka maficho hadi maficho, na kitovu hakikulegea hata siku moja. Mama Lifoka alifariki kwa homa, si kwa risasi. Tulimzika kwenye kichuguu, mahali pakavu.

Siku iliyofuata Aluwa alikichukua kile kitunga akakizamisha kijitoni. Sikumzuia, ingawa nilijua, na yeye alijua. Alikiacha muda mrefu, anakwenda kukigusa, anarudi. Siku tulipokitoa alikata ubavu wote akabaki na kitako peke yake. Alitafuta ile ncha ya kwanza, akaipata tena, ukucha wake uliikumbuka. Alipoivuta ilikatika. Akajaribu ya pili, nayo ikakatika. Mwisho alikuwa na vipande mkononi, vifupi, kama miwa iliyotafunwa. Alikaa akivitazama. Kisha alivipeleka jikoni akavitia motoni chini ya chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

Tuliporudi Kisangani, Aluwa alikuja kufanya kazi kwenye baraza yangu, akafanya mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Nilizunguka tena baadaye, Yanonge, Isangi, Opala, kwa miguu na kwa mtumbwi, nikiuliza. Nilikuta kingo za vitunga vyake vya zamani. Nilikuta mikanda. Chini palikuwa pameoza. Tulijaribu kukumbuka, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, tukabishana, tukafunga vitako ambavyo vilishika mpaka mzigo wa kwanza. Mama mmoja aliyeangukiwa na mihogo kwenye kivuko alikuja kumwuliza Aluwa. Alijibu, kama baba yake alivyosema mwenye kufunga ndiye anayejibu. Baada ya hapo hakutaka kufunga tena.

Miaka ilipita, na siku moja tukiwa kazini mtu mwembamba asiye na viatu alisimama mbele ya baraza. Alikuwa Josefu. Ametoka Kindu, amepita mahali ambapo hakutaka kutueleza. Alitusalimu, akaketi juu ya gogo kati yetu, akatazama mikono yetu kwa muda. Akasema hana ofisi tena na yuko tayari sasa kujifunza kazi ya papa. Alichukua kekele moja akaipindapinda vidoleni, akamgeukia dada yake.

"Tuanzie wapi?"

Aluwa hakumgombeza. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha mbao kilichokatwa duara kwa kipimo cha kitako cha kitunga, kopo la misumari, na nyundo. Akamwekea mapajani.

Ubavu nitawafundisha, na ukingo, na mkanda. Hivyo ninavijua vizuri, na ninyi mna mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo. Kesho mkija, njooni na nyundo.